Chiriku Asiyeogopa

Kila asubuhi, saa moja kasorobo, kabla mama yake hajabandika kahawa jikoni, Ingvild alivaa tochi ya kichwani, akavuta buti zake na kutoka uani na kopo la mbegu za alizeti. Mwezi wa Januari hapa Elverum, mji wetu wa kaskazini ya mbali, jua halionekani mpaka karibu saa tatu, na anayesubiri mwanga ndipo alishe ndege wake atawakuta wameshakata tamaa. Alimwaga mbegu kwenye meza ya ndege, akaning'iniza donge jipya la mafuta, kisha akarudi ndani kula uji wake wa shayiri. Tangu Novemba hakuwa amekosa hata siku moja, na alipenda watu walijue hilo.

Meza yenyewe ilikuwa ubao wa msonobari uliosimamishwa juu ya mlingoti, wenye paa dogo la kuzuia theluji. Babu yake aliitengeneza kabla hajafariki. Bibi Aslaug, mama wa baba yake, alimkabidhi Ingvild meza hiyo kwa masharti mawili.

"La kwanza," Bibi alisema, "ukianza Novemba huachi mpaka theluji iyeyuke. Ndege wakishakutegemea, huwezi kuwakimbia katikati ya baridi. La pili, kila Jumamosi maji ya moto na brashi. Wageni wako hao wanakula na kunya papo hapo. Wewe ungekubali kula chooni?"

"Bibi naye," Ingvild alisema huku akicheka.

"Cheka tu. Ila usugue."

Novemba yote alisugua. Desemba baridi ikashuka hadi nyuzi ishirini chini ya sifuri, maji yakawa yanaganda kwenye brashi kabla hajafika kwenye mlingoti, na Ingvild akajiambia kwamba kwa baridi hiyo hata vijidudu vitakuwa vimeganda. Isitoshe, kulikuwa na kamera. Baba yake, anayefanya kazi wiki mbili mbili kwenye mtambo wa mafuta baharini, alimwachia kamera yake yenye lenzi ndefu. Mwanga wa kupigia picha huku hudumu saa chache tu kwa siku. Jumamosi ukipoteza nusu saa kusugua ubao, ndege hutawanyika, na wakirudi jua limeshazama.

Kwa hiyo alimwaga mbegu mpya juu ya makapi ya zamani. Ubao ukafunikwa na tabaka la makapi na kinyesi lililogandiana na barafu. Ingvild aliliona kila asubuhi kwa tochi yake, na kadiri siku zilivyopita akalizoea. Nami sitamtetea, maana alikuwa na miaka kumi na miwili na masikio mazima.

Maktaba ya mji ilikuwa imetangaza shindano la picha za ndege wa uani. Picha itakayoshinda ingekuzwa, ikatiwa fremu na kutundikwa ukumbini, na watu wote wangeiona. Sivert, mvulana wa darasa lake asiyejua kufunga mdomo, alikuwa tayari ameleta shuleni picha ya kigong'ota akiwa amefungua mbawa zote mbili.

"Wewe Ingvild una nini?" aliuliza. "Mgongo wa shomoro tena?"

"Subiri utaona."

"Nitasubiri mpaka niote ndevu."

Watoto walicheka, na Ingvild akaenda nyumbani na hasira zake.

Jumapili ya pili ya Januari mama yake alienda kazini kwenye duka la mikate, akamwachia Ingvild mdogo wake Eskil, mwenye miaka mitatu. Nje palikuwa na utulivu, na mwanga ulikuwa safi. Ingvild alimvisha Eskil nguo nzito, akampa kijiko chake chekundu cha kuchimbia theluji, akamweka uani. Yeye akasimama na kamera nyuma ya mlango wa jikoni.

Kundi la chiriku wa manjano lilitua mezani, wale wadogo wenye mistari myeusi mbawani. Eskil alipiga kelele, kundi likaruka lote. Akabaki mmoja.

Huyo hakuruka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa ubao, manyoya yametuna mwili mzima hata akawa donge la manjano, na macho yamefumba nusu. Ingvild alisogea hatua moja, kisha nyingine. Hakuwa amewahi kuwa karibu hivyo na ndege wa porini. Alifika mahali ambapo angeweza kumgusa kwa mkono, na bado chiriku alimtazama tu. Ingvild alidhani ameaminiwa.

Alipiga picha arobaini. Chini ya mlingoti, Eskil alikuwa anachota kwa kijiko theluji iliyochanganyika na makapi, anaitia mdomoni.

"Aiskrimu ya ndege," Eskil alisema.

"Usile theluji, Eskil," Ingvild alisema bila kuondoa jicho kwenye kamera.

Eskil alikula tena.

Alasiri hiyo waliteremka kwa Bibi, kama kila Jumapili. Bibi Aslaug alifuga kuku sita kwenye banda lenye taa na joto. Aliwapigia wajukuu mayai mawili mabichi kwa sukari mpaka yakawa povu jeupe, nao wakayalamba kwa vijiko. Eskil alimaliza bakuli lake na nusu ya la dada yake. Kwetu hapa mtoto ambaye hajalishwa povu la mayai na bibi yake atahurumiwa na watu.

Jumatatu asubuhi, mwanga wa tochi ulimkuta yule chiriku chini ya mlingoti. Alikuwa amelala chali, miguu imekunjika, mgumu. Ingvild alisimama akimtazama kwa muda mrefu. Alijua ni yeye, kwa sababu alikuwa ametumia jioni nzima kumtazama kwenye kioo cha kamera, unyoya kwa unyoya. Alimwokota kwa glavu, akamtia ndani ya boksi tupu la maziwa na kulificha nyuma ya banda la kuni. Jumanne akaipeleka picha maktaba. Chini yake aliandika: *Chiriku Asiyeogopa.*

Jumatano aliokota wawili wengine. Alhamisi mmoja. Kufikia hapo hakuwa na haja ya kuambiwa na mtu kwamba meza ndiyo inayowaua. Angemweleza Bibi, meza ingeshushwa siku hiyo hiyo, na wiki mbili tu zilibaki kabla ya hesabu ya ndege wa uani, ile inayofanywa nchi nzima mwisho wa Januari. Na picha je? Nani angetundika ukumbini picha ya ndege aliyekuwa anakufa? Alisukuma boksi ndani zaidi ya theluji na kwenda shule.

Alhamisi hiyo hiyo usiku Eskil alianza kuhara. Ijumaa alikuwa na homa kali, midomo imekauka, na alilia bila machozi. Mama yake alimkimbiza hospitali, na huko alitundikiwa dripu siku mbili. Ingvild alilala kwa Bibi. Mara mbili alifungua kinywa amwambie, na mara mbili aliomba maji ya kunywa.

Jumanne waliitwa kwenye kituo cha afya kupokea majibu ya vipimo. Eskil alikaa mapajani kwa mama yake, mwepesi na mwenye kisirani. Daktari Nygård, mwanamke mwenye nywele fupi na sauti ya upole, aligeuza karatasi mezani.

"Ni salmonela, bakteria wa tumbo," alimwambia mama. "Anaendelea vizuri, Torunn, usiogope. Ila nataka kujua ameipata wapi, asije akaipata tena. Amekula mayai mabichi?"

Mama akashtuka. "Jumapili ile. Kwa mama mkwe wangu. Anafuga kuku mwenyewe."

Daktari aliandika. "Na ndege wa porini? Mna meza ya ndege uani?"

"Tunayo. Huyu ndiye msimamizi." Mama alimgeukia Ingvild. "Mwambie daktari."

"Umeona ndege yeyote mgonjwa, Ingvild?" daktari aliuliza. "Au aliyekufa? Wapo wazima?"

Eskil alikuwa ananyonya kona ya skafu yake. Ingvild aliliona boksi la maziwa waziwazi, kama vile limewekwa pale mezani kwa daktari.

"Wazima," alisema. "Wote."

Lilikuwa neno dogo na lilitoka bila shida, na hilo lilimwogopesha kuliko kitu kingine chochote.

Mama yake aliwarudisha moja kwa moja. Alipofika nyumbani alimpigia Bibi simu akiwa bado na koti mwilini.

"Mayai yako, Mama," alisema. "Daktari ameuliza, nami sikuwa na jibu jingine. Mtoto amekaa siku mbili na sindano mkononi. Mara ngapi nimekwambia mayai ya kuku wa nyumbani uyachemshe?"

Ingvild alisimama kwenye ngazi. Hakusikia jibu la Bibi. Aliona tu mama yake anakaa kwenye kiti na kufunika macho kwa mkono.

Siku zilizofuata Bibi hakuja. Kwa kawaida Jumatano alileta mkate wake na kubaki mpaka jioni akimtania Ingvild juu ya nywele zake. Safari hii aliacha mkate mlangoni, juu yake pana karatasi: *Huu hauna mayai.* Ingvild aliisoma, akauacha mkate bila kuukata.

Ijumaa, mwalimu alitangaza darasani kwamba picha ya Ingvild imeshinda. Ingezinduliwa Jumamosi saa sita mchana. Darasa lilipiga makofi, na Ingvild akatabasamu kwa meno tu.

"Hongera," Sivert alisema wakivaa makoti. "Sasa niambie ukweli. Ulimgandisha kwa gundi? Ndege wangu hawatulii hata sekunde."

"Aliniamini."

"Au alikuwa amekufa ukamsimamisha." Sivert aliucheka utani wake. "Natania, usininunie."

Ingvild alifunga zipu mpaka kidevuni, akatoka. Utani wa Sivert ulikuwa umepita karibu mno na ukweli.

Jioni hiyo Eskil, aliyekuwa ameanza kurudiwa na nguvu, alisimama dirishani na kugonga kioo kuelekea kwenye meza ya ndege.

"Nataka aiskrimu ya ndege."

"Anaweweseka bado, maskini," mama alisema na kumpapasa paji la uso. "Aiskrimu ya ndege ndiyo nini?"

"Sijui," Ingvild alisema. Huo ukawa uongo wa pili, na huu haukutoka kirahisi kama wa kwanza. Alijua sasa kwamba siku mdogo wake atakapotoka nje, ataenda moja kwa moja chini ya ule mlingoti na kijiko chake.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa anapiga pasi gauni la Ingvild la maktaba. Alisema bila kuinua kichwa, "Bibi yako anachinja kuku leo. Wote sita. Nimemwambia asubiri tuwapime kwanza, hataki. Anasema hawezi kulala, kila akifumba macho anamwona Eskil na ile sindano."

"Saa ngapi?"

"Ameshaanza, nadhani. Ingvild? Gauni hili hapa. Ingvild, unakwenda wapi?"

Alikuwa ameshapanda kiti chake cha kuteleza kwenye theluji, chenye reli mbili za chuma, akipiga mguu barabarani kwa nguvu zake zote. Barabara ya kwa Bibi inateremka, na theluji ilikuwa imeshindiliwa vizuri. Alipiga mguu huku akihesabu: sita, bado ni sita, tafadhali wawe sita.

Hawakuwa sita. Bibi Aslaug alikuwa nyuma ya banda, amevaa aproni ya mpira, mbele ya gogo la kuchanjia kuni. Ndani ya beseni kulikuwa na kuku wawili, na theluji pembeni ilikuwa na matone mekundu. Wa tatu alikuwa amebanwa chini ya kwapa lake.

"Umekuja kuwaaga?" Bibi aliuliza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Rudi nyumbani, mjukuu wangu. Haya si ya kutazamwa."

"Bibi, weka shoka."

"Ingvild."

"Si mayai. Bibi, si mayai yako. Ni meza yangu."

Bibi hakusogea. Kuku alilalamika taratibu chini ya kwapa. Ingvild alisema yote kwa pumzi moja: makapi ambayo hakuyaosha tangu Desemba, chiriku aliyekataa kuruka, Eskil na kijiko chekundu, boksi la maziwa, swali la daktari. Alipofika kwenye lile neno "wazima" sauti yake ilikatika, akalirudia tena ili lisikike.

"Wangapi?" Bibi aliuliza.

"Wanne. Wamo bado nyuma ya banda la kuni."

"Tangu lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

Bibi alihesabu kwa midomo. Aliegemeza shoka kwenye gogo, akamrudisha kuku wa tatu bandani, akafunga mlango kwa kitasa. Kisha akaja kusimama juu ya beseni.

"Huyu Dagny nimemkata dakika kumi zilizopita," alisema. "Babu yako ndiye aliyemchagua, akiwa kifaranga. Miaka saba nilikuwa naye."

Ingvild alilia. Bibi hakumkumbatia, si papo hapo. Alimwacha alie mpaka kilio kikabaki kwikwi, naye akakaa juu ya gogo na kufuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Siku nne nimejiona muuaji," alisema hatimaye. "Nimeamka usiku kunusa mayai. Nimejiuliza kama nimeshazeeka mno kuachiwa watoto. Ungeniambia siku ya kwanza ningekugombeza robo saa, tungesugua ubao, yakaisha. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe uliyaficha, lakini kifo hakikuja kwako. Kilikwenda kwa Dagny."

"Nisamehe, Bibi."

"Nitakusamehe. Leo bado nina hasira. Vyote viwili vinaweza kukaa katika mtu mmoja." Aliinuka na kumshika bega, na mkono wake ulikuwa mzito na wenye joto. "Haya. Machozi baadaye. Tuna kazi, na ya kwanza ni mama yako."

Walipanda pamoja, Bibi amekaa kwenye kiti na Ingvild akisukuma. Mama alisikiliza akiwa amesimama na pasi mkononi, na ilibidi Bibi aichomoe kwenye umeme. Uso wa mama ulipauka, kisha ukawa mwekundu. Ingvild alitegemea kelele, lakini mama aliuliza jambo moja tu.

"Alikula theluji ile? Ukiwa hapo?"

"Nilimwambia asile. Sikumwangalia."

Mama aliiweka pasi chini. Kisha akamgeukia Bibi. "Mama, mimi nilikulaumu wewe."

"Ungemlaumu nani? Hata mimi nilijilaumu," Bibi alisema. "Mpigie daktari."

Daktari Nygård alikuwa zamu. Alisikiliza, akaomba azungumze na Ingvild mwenyewe.

"Kwa Eskil haibadilishi dawa," alisema. "Lakini mtaani kwenu kuna watoto wengine, na paka, na meza nyingine ishirini za ndege. Hao ndege huzunguka zote. Kwa kuficha, uliniacha nikitafuta kwenye nyumba isiyohusika. Sasa sikiliza. Usiguse tena mzoga wa ndege kwa glavu unazofutia pua. Mama yako avae glavu za mpira, aitie mizoga kwenye mfuko, aufunge. Shusheni meza leo, isugueni kwa maji yanayochemka, na mbegu msiweke kwa wiki nne. Mayai ya bibi yako tutayapima ili alale."

"Daktari," Ingvild aliuliza, "nikiacha kuwalisha sasa hawatakufa kwa njaa? Sharti la kwanza linasema nisiache."

Bibi alikuwa ameisikia hiyo, akajibu yeye, kwa sauti ya kufika kwenye simu. "Sharti hilo nililiweka mimi, na mimi nalivunja. Msitu uko pale na mbegu zake. Njaa itawatawanya. Meza chafu inawakusanya wafe pamoja."

Saa sita kasorobo Ingvild aliingia maktaba bila lile gauni. Kulikuwa na watu kama thelathini, kahawa, na biskuti. Picha ilikuwa ukutani chini ya kitambaa. Alimwendea Bwana Kolbein, mkutubi, akamwomba asiifunue. Bwana Kolbein aliinama amsikilize, na alipokwisha kusikia alikuna ndevu.

"Unataka niishushe?"

"Ndiyo."

"Mimi naona ibaki. Zawadi siwezi kukupa, hilo unalielewa. Lakini watu wengi hapa wana meza uani. Andika chini yake kilichotokea, kisha wasomee."

Ingvild aliona afadhali apewe zawadi ya fimbo. Hata hivyo aliandika, akasimama mbele ya watu na kusoma: "Chiriku huyu hakuniamini. Alikuwa mgonjwa, kwa sababu sikuosha meza yangu. Ndege akituna manyoya hivi na asiruke, usimkaribie na kamera. Mwambie mtu mzima. Mimi sikusema, mdogo wangu akaugua na bibi yangu akalaumiwa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja aliweka kikombe chake chini, akavaa koti na kutoka upesi. Baadaye tulisikia alikwenda kuchemsha maji. Zawadi ilikwenda kwa Sivert na kigong'ota chake. Alipoipokea hakutania. Alimfuata Ingvild kwenye makoti, uso wake umemshuka.

"Lile nililosema jana, la kufa. Sikujua."

"Najua hukujua."

"Kwetu hatujaosha tangu baba aisimamishe ile meza," Sivert alisema. "Mnatumia sabuni au maji tu?"

"Maji yanayochemka, na brashi ngumu. Kisha uiache ikauke kabisa."

"Njoo unioneshe basi," Sivert alisema, na Ingvild akaenda.

Majibu ya mayai yalikuja siku nne baadaye, na hayakuwa na salmonela. Bibi alirudi Jumatano na mkate wenye mayai matano. Eskil alikula vipande vitatu, akaomba cha nne.

Siku ya hesabu ilifika na mlingoti ukiwa mtupu. Kanuni ya hesabu ni kwamba unakaa saa moja na kuandika ndege wote walioshuka uani kwako. Ingvild aliweka kiti dirishani, na Bibi akavuta chake karibu. Ndege walikuja. Walizunguka mahali ilipokuwa meza, wakapepea hapo hewani kana kwamba ubao umesogezwa tu, kisha wakaenda zao msituni. Hata mmoja hakutua. Kutazama kulimuuma Ingvild, na Bibi aliona.

Saa ilipoisha Ingvild alishika kalamu, asiandike kitu.

"Mwaka jana nilikuwa na arobaini na mbili," alisema.

"Na mwaka huu?"

"Sifuri."

"Basi andika sifuri, na iwe ya duara nzuri." Bibi alimtazama akiandika. "Uongo wako haukuwa mkubwa, mjukuu wangu. Lilikuwa neno moja. Lakini neno moja lilitosha kuweka shoka mikononi mwangu. Uchafu wa meza ungesuguliwa kwa nusu saa. Uliposema 'wazima', ukawa hausuguliki tena mpaka useme mwenyewe. Na jingine la kukumbuka: kiumbe kikiacha ghafla kukuogopa, kwanza uliza kina nini, kamera baadaye."

"Na wewe, Bibi, bado una hasira?"

"Kidogo. Alhamisi itakuwa imekwisha."

Mwisho wa Februari walirudisha meza juu ya mlingoti, nyeupe kwa kusuguliwa. Kila Jumamosi Ingvild alitoka na birika linalofuka, na mwanga mzuri ukapita bila picha. Siku ya tatu baada ya meza kurudishwa ndege walirudi, kwanza shomoro, kisha chiriku wa manjano saba au wanane, wakigombana kama kawaida yao.

Mama yake alikuja dirishani akijifuta mikono, akawatazama kwa wasiwasi ambao bado haukuwa umemwisha.

"Wapo wazima?" aliuliza.

Ingvild alifungua kinywa, akakifunga. Akalisogelea dirisha mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa mkono wa sweta.

"Ngoja kwanza, Mama," alisema. "Niwaangalie mmoja mmoja."